Friji ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa karibu kila ninapopiga goti nyuma ya friji ya mtu. Nimeanza na ya msingi, nikamalizia na yale yanayotokea mara chache. Ukiwa na haraka nenda kwenye tatizo lako moja kwa moja, ila nakusihi usiyaruke mawili ya kwanza, kwa sababu mengi yanayofuata yameegemea hapo.

## Kuielewa friji

1. Friji inatengenezaje baridi?

Haitengenezi baridi. Inahamisha joto: inalichota ndani, inakwenda kulimwaga nje. Ndiyo maana nyuma yake au ubavuni huwa pana moto.

Kazi hiyo inafanywa na gesi inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa. Kompresa, lile dude jeusi lililokaa chini kwa nyuma, linaikandamiza gesi mpaka inapata moto. Gesi inapita kwenye kondensa, yaani yale mabomba ya nyuma au ubavuni, inaacha joto lake chumbani na kugeuka kimiminika. Halafu inapenyezwa kwenye kibomba chembamba sana kiitwacho kapilari. Ikitokea upande wa pili mgandamizo umeshuka ghafla, hivyo inachemka ndani ya koili ya friza (mabomba yaliyozunguka humo), na katika kuchemka inafyonza joto la chakula chako. Spiriti uliyopaka mkononi inapokauka ukahisi ubaridi, umeigusa kanuni hiyo hiyo. Gesi inarudi kwenye kompresa na safari inaanza upya.

Kwa hiyo friji isipopoza, kuna mahali safari ya joto imekwama. Mara nyingi ni pa kawaida tu: mlango usiobana, vumbi, barafu nene, feni iliyosimama. Kompresa na gesi vichunguzwe mwisho.

2. Gesi ya friji huisha? Kila baada ya miezi fundi anasema iongezwe.

Gesi haiungui kama mafuta ya gari. Friji yenye mabomba mazima inaweza kukaa miaka 15 na zaidi na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, imevuja, na palipovuja pataendelea kuvuja.

Dalili zake ni hizi: kompresa inanguruma bila kupumzika, kondensa haipati joto la maana, na koili ya friza inashika barafu kipande kimoja tu huku sehemu nyingine ikiwa kavu.

Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kununua muda mfupi kwa pesa nyingi. Kazi kamili huenda hivi: fundi anatafuta panapovuja, anapaziba, anabadilisha draya (kichujio kinachonyonya unyevu kwenye mfumo), anafyonza hewa yote kwa pampu ya vakyumu, ndipo anaingiza gesi mpya akiipima kwa mizani. Kiasi kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko cha friji, na friji nyingi za nyumbani hubeba gesi kidogo mno kiasi kwamba gramu chache kuzidi au kupungua zinaharibu upozaji. Fundi asipokuwa na pampu wala mizani, muulize kwa upole atapimaje.

3. Ubaridi unaofaa ni nyuzi ngapi, na namba za themostati maana yake nini?

Upande wa chakula uwe nyuzi 4 za sentigredi au chini yake kidogo bila kugandisha. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Namba 1 hadi 5 au 1 hadi 7 za kwenye kitufe si nyuzi. Ni vipimo tu, na kwa kawaida namba kubwa ni baridi zaidi. Wengi hufikiri wakizungusha hadi mwisho friji itapoza upesi. Kwenye kompresa ya kawaida kasi ni ile ile; kinachobadilika ni muda inaokaa kabla ya kuzima. Anza katikati, subiri siku nzima, ndipo urekebishe.

Kupima, chovya kipimajoto kwenye glasi ya maji, kiweke rafu ya katikati, ukisome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Hewa hubadilika kila mlango ukifunguka, maji hayahangaiki upesi, kwa hiyo yanakupa hali halisi ya chakula.

4. Ubavu wa friji yangu una moto. Ni hatari?

Hapana. Friji nyingi za sasa hazina tena ule wavu mweusi mgongoni. Kondensa imefichwa ndani ya kuta za pembeni. Joto la kuzunguka fremu ya mlango nalo ni la makusudi, huzuia umande usitande pale. Ubavu unaowaka moto kuliko zamani ndio wa kushughulikia: tazama swali la 6 na la 13.

## Kuiweka na kuiwasha

5. Nimehamisha friji. Nisubiri muda gani kabla ya kuiwasha?

Kama ilisafiri ikiwa imesimama, saa mbili au tatu zinatosha. Kama ililazwa, isimamishe na uiache saa zisizopungua 12, ikiwezekana 24. Ndani ya kompresa kuna mafuta ya kulainishia, na ikilazwa mafuta hayo huingia kwenye mabomba. Ukiiwasha mapema kompresa inaweza kusaga bila mafuta ya kutosha, au mafuta yakaziba kapilari. Kusubiri hakukugharimu kitu.

6. Ikae wapi?

Mbali na jiko na jua la dirishani, na isibanwe. Acha sentimita 5 hadi 10 nyuma, na nafasi pembeni na juu kama kitabu chake kinavyoelekeza. Joto lililotolewa ndani lazima lipate pa kwenda. Likikosa, kompresa inafanya kazi mchana na usiku.

Angalia pia herufi za daraja la hali ya hewa kwenye kibandiko. N ni ya chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST inafika 38, T inafika 43. Friji ya N kwenye chumba kinachofika nyuzi 38 itahangaika kila mwaka, na hakuna fundi atakayeiponya.

7. Naweza kuichomeka kwenye ekstensheni?

Bora soketi ya ukutani, peke yake. Kompresa ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imetulia, na ekstensheni nyembamba hupata moto na kushusha volti. Nimekuta plagi zilizoyeyuka kwa sababu hiyo hiyo.

8. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, friji inaharibika?

Inaweza. Kompresa ikisimama, upande mmoja wa mabomba unabaki na mgandamizo mkubwa na mwingine mdogo. Inahitaji dakika 3 hadi 5 pande hizo zilingane. Umeme ukirudi kabla ya hapo, kompresa inajaribu kusukuma mzigo isiouweza, inapata moto, kinga yake inakata. Ukisikia "tik", ukimya, kisha "tik" tena baada ya dakika kadhaa, ndiyo hiyo.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi na kutulia, hesabu dakika 5 ndipo uchomeke. Kama hali hiyo ni ya kila siku kwako, nunua kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha umeme, kinachokata volti ikipanda au kushuka mno. Kabla ya kununua, hakikisha kinabeba wati za friji yako.

## Chakula ndani ya friji

9. Naweza kuingiza chakula kikiwa cha moto?

Sufuria inayofuka mvuke, hapana: itapasha vilivyo jirani na kujaza unyevu ndani. Lakini kuna kosa lililo baya zaidi, nalo ni kuacha chakula mezani usiku kucha "kipoe kwanza". Kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria huzaana upesi. Chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili nje, na kukiwa na joto la nyuzi 32 au zaidi kisizidi saa moja. Kigawe kwenye vyombo vidogo visivyo na kina, kitapoa upesi, ukifunike, ukiingize kikiwa vuguvugu.

10. Kila kitu kikae wapi?

Nyama na samaki wabichi rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo kisichovuja, ili maji yake yasidondokee kingine. Vilivyopikwa juu yake. Mlangoni ndipo penye joto zaidi na pasipotulia, kwa hiyo weka huko vinywaji na viungo vya chupa. Maziwa na mayai yahamishie ndani, hata kama mlango una vishimo vya mayai. Mkate usiuweke kabisa upande wa chakula: nyuzi hizo huufanya ukauke na kuwa mgumu haraka kuliko nje. Ama kabatini, ama friza.

Usiijaze hadi hewa ikose njia. Friza, kinyume chake, hupenda kujaa.

11. Umeme umekatika. Chakula kitadumu saa ngapi?

Mlango ukibaki umefungwa, upande wa chakula ni kama saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kila unapofungua kuangalia unapunguza muda huo.

Umeme ukirudi, kilichogandishwa ambacho bado kina chembe za barafu unaweza kukigandisha upya, japo ladha itapungua. Nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa vilivyokaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili, tupa. Usionje kupima, wala usitegemee pua: vijidudu vingi vinavyougulisha watu havitoi harufu yoyote.

## Usafi na matunzo

12. Barafu imejaa kwenye friza. Niiondoeje?

Usisubiri izidi unene wa milimita 6 hivi, maana barafu ni blanketi linalozuia koili isifyonze joto. Zima, chomoa, toa vyakula uvifunge pamoja kwenye blanketi au boksi la kupozea, acha mlango wazi, tandika matambara chini. Bakuli la maji ya moto ndani ya friza litaharakisha; libadilishe likipoa. Vipande vikianza kulegea vitoe kwa mkono au kijiko cha plastiki. Kausha kabisa kabla ya kuwasha.

Kisu, kamwe. Nakumbuka mama mmoja alinifungulia mlango akiwa bado anacho mkononi. "Fundi, nimesikia tu ssss, halafu kimya." Tundu lilikuwa dogo kama ncha ya kalamu, nililiona baada ya kupaka povu la sabuni na kuinama na tochi. Alikuwa amebakiza kipande kimoja cha barafu, kile cha kona. Ukuta wa friza ndio koili yenyewe, alumini nyembamba yenye njia za gesi ndani yake, na kuizibia ni kazi ngumu isiyoshika kila mara. Ubaya zaidi, aliirudisha kwenye umeme aone kama bado inapoza, kompresa ikavuta hewa na maji ya barafu iliyoyeyuka hadi ndani ya mfumo. Ukiisikia sauti ile, chomoa kama plagi iko mbali na panapovuja, fungua madirisha, kisha soma swali la 20.

13. Nini kingine nifanye mwenyewe?

Mambo matatu, na nayapenda kwa sababu hayahitaji fundi.

La kwanza, vumbi la kondensa. Kama wavu wako uko nje nyuma au chini, chomoa na upige brashi laini kila miezi sita. Wenye wanyama wa manyoya, kila mitatu.

La pili, mpira wa mlango. Fungia kipande cha karatasi mlangoni, nusu ndani nusu nje, kisha kivute. Kikitoka bila kubishana, pale pana mwanya. Zunguka mlango mzima hivyo. Kabla ya kununua mpira mpya, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu mara nyingi ni utando wa vyakula ndani ya mikunjo. Uliopinda unaweza kunyooka ukiukanda kwa kitambaa cha maji ya moto.

La tatu, kitundu cha maji: tazama swali la 17.

14. Harufu haitoki hata nikiosha.

Osha kwa maji ya uvuguvugu yaliyoyeyushwa soda ya kuumulia keki, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, na usisahau mikunjo ya mpira, chini ya droo na kile kitreyi cha maji kilicho juu ya kompresa, ambacho wengi hawajui kipo. Sabuni zenye manukato makali acha, plastiki huzishika.

## Friji inapogoma

15. Taa inawaka lakini haipozi.

Taa ikiwaka, umeme umefika. Anza na themostati: huenda mtu ameigeuza hadi sifuri wakati wa kupangua vyombo. Kisha weka kiganja kwenye kompresa kwa tahadhari. Kama ni ya baridi na kimya kabisa, shaka iko kwenye themostati, waya, au kadi ya umeme kwa friji za kidijitali. Kama ni ya moto na inafanya "tik" kila dakika chache, inajaribu kuanza ikishindwa. Hapo rilei ya kuanzishia, kidude kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa, ndiyo huchunguzwa kwanza: fundi akiichomoa na kuitikisa ikalia kama njuga, imevunjika ndani. Bei yake hailingani kabisa na ya kompresa, hivyo usikubali kubadilishiwa kompresa kabla rilei na kapasita (kidude kingine kinachosaidia kompresa kuanza) hazijapimwa. Kama inanguruma vizuri na haipozi, rudi swali la 2.

Na taa ikiwa haiwaki pia? Jaribu soketi kwa taa nyingine, angalia fyuzi ya plagi na swichi kuu.

16. Friza inagandisha vizuri, lakini chini hakuna ubaridi.

Swali hili naletewa kuliko yote, na jibu linategemea aina ya friji.

Zile zilizoandikwa "No Frost" nyingi zina koili moja tu, iliyofichwa nyuma ya ukuta wa friza. Feni inapuliza hewa ya koili hiyo kwenye friza na kuisukuma chini kupitia njia maalumu. Barafu nayo hushika, ila mara kadhaa kwa siku hita ndogo huwaka na kuiyeyusha bila wewe kujua. Hita hiyo, kihisi chake au saa yake ikifa, barafu inajazana nyuma ya ukuta mpaka hewa haipiti. Friza inabaki baridi kwa kuwa iko jirani na koili. Chini kunaanza kupata joto.

Kuthibitisha: sikiliza feni. Kwenye nyingi husimama mlango ukifunguliwa, kwa hiyo bonyeza swichi ya mlango kwa kidole. Feni ikizunguka lakini hewa haitoki chini, njia imeziba. Izime, acha milango wazi saa 24 nzima, kisha washa. Ikipoza vizuri kwa wiki moja au mbili kisha ikarudia, umejipatia jibu: mfumo wa kuyeyusha barafu umekufa. Mwambie fundi hivyo hivyo, utaokoa muda wake na pesa zako.

Friji za kawaida zisizo na feni: angalia kwanza barafu nene (swali la 12) na mpira wa mlango (swali la 13).

17. Maji yanatuama chini ya droo za mboga.

Kitundu kilicho chini ya ukuta wa nyuma kimeziba. Umande wa ukuta hutiririka humo hadi kwenye treyi juu ya kompresa, ukavukizwa na joto lake. Kipande cha jani kinatosha kukiziba. Sukuma taratibu kwa kijiti cha masikio au mrija laini, kisha mimina maji kidogo ya uvuguvugu hadi uyasikie yakidondoka nyuma. Maji yakiwa sakafuni, angalia kama treyi imepasuka au imehama.

18. Haipumziki kabisa.

Ikiwa mpya, imejazwa chakula karibuni au chumba kina joto sana, subiri siku moja. Kompresa za inveta, zile zinazojibadilishia kasi, huenda polepole muda mrefu, na hiyo ndiyo kazi yake. Nje ya hapo fuata mpangilio huu: mlango, vumbi, nafasi, barafu, na mwisho gesi.

19. Sauti zipi ni za kawaida?

Mlio wa maji yanayobubujika ni gesi ikipita. Mpasuko wa ghafla ni plastiki ikitanuka au kusinyaa. "Sss" fupi kwenye friji ya "No Frost" ni maji ya barafu yakigusa hita. Mtetemo wa vyombo huponywa kwa kusawazisha miguu. Mkwaruzo unaoendelea friza ikiwa imefungwa ni feni inayogonga barafu: swali la 16.

## Hali za pekee

20. Gesi ikivuja ndani ya nyumba, itatudhuru?

Soma kibandiko. Friji nyingi mpya hutumia R600a, yaani isobutani. Haiharibu tabaka la ozoni angani na mchango wake kwa joto la dunia ni mdogo mno, lakini inashika moto, na haina harufu ya kukuonya kama gesi ya kupikia. Kiasi chake kwenye friji ya nyumbani ni kidogo, hivyo chumba kikipitisha hewa hutawanyika upesi. Fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi karibu, usiwashe kiberiti, toka ukasubiri. Fundi asichomelee mabomba ya R600a bila kuitoa gesi yote kwanza.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Friji za mwanzo zilitumia gesi zenye sumu, na habari ya familia iliyouawa na gesi ya friji mjini Berlin iliwagusa Albert Einstein na Leo Szilard hadi wakabuni friji isiyo na sehemu zinazozunguka, wakapata hataza ya Marekani mwaka 1930. Baadaye ikaja gesi ya R12, isiyo na sumu wala moto, ila ikala ozoni, na Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, ikaanza kuiondoa.

21. Nikigusa mlango napigwa na shoti.

Chomoa leo, hata kama ni mtekenyo tu. Ama waya umechubuka, ama nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Usivae viatu tu ukaendelea kuitumia. Umeme unaotekenya mkono mkavu unaweza kuua mkono wenye maji.

22. Nasafiri muda mrefu.

Wiki mbili au tatu iache iwake, ukiwa umetoa vinavyooza. Zaidi ya hapo izime, ioshe, ikaushe, na uzuie mlango usijifunge kwa kitambaa kilichokunjwa. Iliyofungwa ikiwa na unyevu utaikuta na ukungu.

23. Friji yangu imekufa kabisa. Niitupeje?

Mpe fundi au kituo kinachoweza kutoa gesi na mafuta kwa usalama. Usikate mabomba mwenyewe. Ikiwa itakaa nje hata usiku mmoja, toa mlango. Mtoto akijificha ndani, mpira unabana na hewa inaisha, na sauti yake haitoki. Parafujo za bawaba ni tatu au nne tu. Bisibisi na dakika kumi zinatosha.